Ndoo Yako Haina Maji

Ratiba inasema: Ijumaa, kipindi cha saba, Sanaa.
Ratiba haisemi kwamba kipindi cha saba
kiliazimwa na Hisabati tangu Januari
na hakijarudishwa.

Leo Mwalimu Nannonde kateremkia Newala mjini, benki,
nami nimekipata kipindi changu
kama mtu aliyeokota noti kwenye suruali ya zamani.
Darasa la Tatu, watoto sabini na wawili.
Rangi, sina.

Basi tukazitafuta.
Mkaa, kwa mama muuza mihogo wa getini.
Bizari, kijiko kimoja, Adinani kaiiba kwao
(nikamkemea, nikaipokea).
Kisamvu cha kuponda. Udongo wa uwanjani,
mwekundu hata soksi zetu zimesahau
kwamba zilinunuliwa nyeupe.
Litunu akaleta maganda ya korosho.
Tupa, nikamwambia, yataunguza.
Akanionyesha vidole: yalikwisha kuunguza,
msimu uliopita, akibangua.
"Ila weusi wake, Mwalimu, hautoki kwa sabuni."

Nikasema, choreni nyumba.
Nikapata nyumba sabini na mbili, zote moja,
ile ya kitabuni: madirisha mawili,
ua refu kuliko mlango,
na bomba la moshi juu ya paa.
Bomba la moshi! Newala!
"Nani kwao lipo?"
Mkono mmoja ukapanda nusu, ukashuka.
Sikucheka. Mimi chuoni nilipewa A
kwa tufaha nililolichora vizuri mno
na ambalo sijalila hadi leo.

Nikafuta ubao, nikachora msichana
na ndoo kichwani, mistari imenyooka,
shingo ndefu, ya kujidai.
Darasa likaguna.
Somoe, wa dawati la nyuma, mchelewaji,
ambaye kila asubuhi naliandika jina lake kwa wino mwekundu,
akasimama.
"Mwalimu, ndoo yako haina maji."

Akaomba dasta. Akaifuta shingo yangu,
akaizamisha mabegani.
Mkono mmoja akautoa pembeni,
si kwa madaha, kwa kutafuta mizani.
Macho akayashusha mbele kidogo,
pale mguu unapokwenda kukanyaga.
Kisha vitone vitatu kwenye ukingo wa ndoo
na mstari mmoja, mwembamba, unaoteremka mgongoni.
"Hapa ndipo hulowa kwanza."

Nikakaa. Chaki ilibaki kwake.
Nikaanza kuzihesabu zile asubuhi:
foleni ya bondeni saa kumi na moja,
mlima, mlima tena,
halafu mimi, mlangoni, na wino wangu.

Ijumaa iliyofuata kipindi nilikiiba waziwazi.
Sikusema choreni. Nilisema:
ndoo inamwaga njiani. Tufanyeje?
Wakachora kwanza, wakabishana, wakachora tena.
Ngata ya kanga kuukuu yenye shimo la kati.
Ngata ya majani makavu ya mgomba, iliyowasha.
Sahani ya plastiki inayoelea juu ya maji.
Adinani akasema bibi yake huweka tawi la majani tu;
wakamzomea, wakajaribu, wakanyamaza.
Kifuniko cha Litunu, cha mpira wa baiskeli,
hakikumwaga hata tone,
wala hakikufunguka. Tulikipiga jiwe.

Mwalimu Nannonde akatukuta tumelowa.
"Haya hayamo kwenye mtihani."
Kweli, hayamo.
Akasimama mbele ya ubao
muda mrefu kuliko hasira yake ilivyohitaji.
"Nani kachora?"
"Mchelewaji."

Jumatatu Hisabati ilirudi kwa kishindo.
Ila msichana hakufutwa. Pembeni mwake,
kwa mwandiko ule wa kubana chaki:
Ndoo ina lita 20. Njiani zinamwagika 3.
Zinafika ngapi?

Vidole sabini na moja hewani.
Somoe hakunyoosha. Aliutazama ubao, akauliza,
"Kwa njia ipi, Mwalimu?"